Nilinona Juu ya Kuonja Sumu

Harufu ya karanga yenye kukaangwa ilipitaka juu ya lupango yetu, kiwanja ya nyumba, asubuhi, mbele hata ya jua kupanda muzuri. Ilitokaka kwa Mama Zaina, jirani yetu pale Butembo, muke ya mufanyabiashara mumoja Muislamu mwenye kwenda na kurudi Kasindi na camion, lori yake. Mama Zaina alikaangaka karanga, anaitwanga, anaichanganya mu uji ya mahindi na sukari kidogo, kisha anaita: "Mama Masika! Kuyeni mutwae ya batoto!" Mama Masika njo mama yangu. Na Masika njo miye, mutoto wa kwanza mu nyumba, na wa kwanza ku sahani pia, vile mutaona.

Ilikuwa miaka ya vita. Basoda wa huku wanatoka, wa kule wanaingia, na kila kundi inasema ni yeye njo serikali. Baba alikwenda Kirumba kutafuta biazi ya kuuzisha, barabara ikafungwa nyuma yake, tukabakia paka sisi na mama. Batu walianza kuogopana. Mutu akikusalimia sana, unajiuliza anataka nini. Akikosa kukusalimia, unajiuliza anaficha nini. Na kila mutu mwenye kufa bila risasi, walisema ni sumu. Hata muzee mumoja wa avenue yetu, mwenye alikuwa anakohoa tangu mbele mi nizaliwe, siku alikufa batu walitikisa kichwa: "Kuna mwenye alimupatia kitu."

Sasa kwetu kuko desturi: ukipa mutu chakula ao kinywaji, unaonja wa kwanza, mbele ya macho yake. Mama Zaina alijua hiyo. Alikuwa anapitisha bakuli, anachota kijiko kubwa, anameza, anapanguza mudomo. Mama anaitika, anasema asante sana, Mungu akubariki. Kisha akifunga mulango: "Ule alisha kunywa dawa ya kumukinga. Masika! Kuya uonje."

"Mama, na kama ni sumu kweli?"

"Wee uko na damu nguvu."

Njo vile nilipata kazi yangu ya kwanza, na nasema wazi, hakuna kazi nilifanya na roho moja kama ile. Kuonja kwangu haikukuwa ya kijiko. Nilionja mupaka nikaona chini ya bakuli. Ile kidogo yenye ilibakia, mama aliifunika, anangojea kuona kama nitaamuka kesho. Kesho naamuka, nauliza chai, lakini uji imekuwa chachu, tunaimwaga ku migomba. Na siku hiyo uji ingine inakuya, mama anasema ya jana ilikuwa muzuri, lakini ya leo nani anajua? Vilevile na mayayi ya bamama ba kanisa, vilevile na sambaza, bile bisamaki bidogo, zenye tantine, shangazi yetu, alituleteaka. Yote ilipita kwangu.

Ndugu yangu mudogo Kasereka, mwenye alikuwa ameachishwa juzijuzi kunyonya ziwa ya mama, alikula paka chakula yenye mama alikuwa na hakika nayo: bugali na maji ya sombe, majani ya muhogo. Miguu yake ikaanza kuvimba. Nywele ikageuka rangi ya ndevu ya mahindi. Aliachaka kucheza, kisha akaacha hata kulia. Infirmier, muuguzi wa pale karibu, alikuwa amekimbia. Mama akamuangalia ile miguu, akasema na sauti ya chini: "Wamemufikia. Sijue wamepitia wapi." Tangu siku ile alikaza zaidi: hakuna kitu ya inje kugusa mudomo ya mutoto. Na mi nikaonja mara mbili zaidi.

Ku masomo tulikuwa na mademoiselle mumoja, mwalimu wetu, mwenye alikimbia vita ya kule Beni. Hakuna mutu alimujua muzuri, basi hakuna mutu alimuamini. Alichora duara kubwa ku ubao, akaikata tatu: bintu bya kutia nguvu, bintu bya kujenga mwili, bintu bya kulinda mwili. Akasema kila mumoja atapanga chakula ya siku nzima ya mutoto mudogo wa kwao, lakini mbele aseme jana walikula nini. Mu vita, mutu mwenye kukuuliza nyumbani muko na nini, unajua basoda watakuya kesho. Wa kwanza akasema: "Sombe." Wa pili: "Sombe." Wote sombe, hata mutoto wa muchinjaji, na mafuta ikimuangaza ku mudomo.

Zamu yangu ikafika, na mi, kama kawaida yangu, mudomo ikanitangulia.

"Asubuhi uji ya karanga. Midi yayi. Mangaribi sambaza."

"Eeeh! Binti ya gouverneur!" Darasa yote ikacheka.

Mademoiselle hakucheka. "Na mutoto mudogo?"

"Asubuhi bugali. Midi bugali na maji ya sombe. Mangaribi alikataa."

"Anacheza?"

"Hapana."

"Miguu?"

Nikamuonyesha na mikono unene yake. Akaweka chaki chini, akanikaribia. "Masika, hiyo haiko sumu. Hiyo ni bwaki, ugonjwa ya kukosa chakula ya kujenga mwili. Bintu bya kujenga mwili yote iko inaingia kwako. Mukiendelea vile, huyu mutoto atakufa."

Nilikimbia mupaka nyumbani. Mama alinisikiliza yote, akauliza kitu moja tu: "Huyu mademoiselle anatoka Beni, vile? Mama Zaina naye iko na bandugu Beni."

"Mama, uniangalie basi! Nakula ile uji kila siku. Nimenona kama nguruwe ya Noeli!"

Akaniangalia juu mupaka chini. "Kuko sumu zenye kungojea miaka."

Kesho yake nilimurudishia mademoiselle hiyo jibu, nikifikiri atakasirika. Akasema tu: "Basi hapana kubishana naye. Panga chakula na ile yenye mama yako alilima na mukono yake." Tukapanga pamoja: asubuhi uji na yayi ya kuku yetu, midi maharagi ya kuponda na lengalenga, ile muchicha, na mafuta ya mawese kidogo, mangaribi tena maharagi, kidogokidogo, mara mingi, juu tumbo ya mugonjwa haitake kubebeshwa sana.

Mama aliposikia maharagi, akasimama. "Ile ni mbegu! Tukikula mbegu, tutapanda nini, tutapanda mademoiselle yako?" Ile maharagi ilikuwa mu bidon, tuliichanganya na majivu, tukaizika chini ya kitanda juu basoda wasiione. Ilikuwa yote yenye tulikuwa nayo. Nilitaka kujibu, lakini nikaona mama anatazama inje. Kasereka alikuwa amekaa ku mulango, kipande ya bugali mu mukono. Kuku ilikuya, ikamutwalia ile bugali mu vidole. Hakuifukuza. Hakulia. Aliiangalia tu, kama ile mukono ni ya mutu mwingine.

Mama akatwaa jembe, akasukuma kitanda, akaanza kuchimba.

Alipika yeye mwenyewe. Hakuna mutu aligusa ile chungu, hata miye. Chakula ya mukono yake haikuombaka muonjaji, na vile njo nilipoteza kazi. Siku zikapita, miguu ya Kasereka ikaanza kunywea. Kisha asubuhi moja aliniruka, akanyanganya kiazi mu mukono yangu, akaniluma kidole, akapiga makelele ya kuamusha avenue. Nilitaka kumupiga. Mama alikuwa amekaa chini, anacheka na machozi inatiririka.

Baba alirudi barabara ilipofunguka, akaenda moja kwa moja kuangalia chini ya kitanda. "Mbegu iko wapi?" Mama akanyoosha kidole ku lupango: "Ile kule, inakimbia." Nyuma ya pale, mama alijaza bakuli ya Mama Zaina na maharagi mapya, akaipeleka yeye mwenyewe. Mama Zaina akaiangalia, akaangalia mama, akaita kwa sauti, kumbe siku zote alisikiaka vile mama alikuwa ananiita: "Zaina! Kuya uonje!" Walicheka mupaka wakashikana. Lakini sijaona mama anakula kwake hata siku moja.

Masomo yangu ilikufa nyuma kidogo, mu mwaka ya pili ya secondaire, juu ya kukosa feza na pia juu ya kichwa yangu. Ile somo ya duara njo nilimaliza muzuri. Leo Kasereka ni mwanaume munene, anaendesha camion. Soko ya Butembo inajaa bintu vya kutoka mbali. Mama Zaina, tulijua jina yake, jina ya batoto yake, mupaka harufu ya chungu yake, na tulimukataa. Juzi nilikuta mama, sasa ni muzee, anamupa mutoto wa Kasereka juisi moja nyekundu mu chupa ya plastiki, nyekundu kama taa ya camion.

"Mama, hii nani alitengeneza?"

Akazungusha chupa mu mukono, akaangalia pande zote.

"Sijue," akasema. "Lakini iko na karatasi yenye kuandikwa."