Ofisi ya Mwalimu Mkuu Inakodishwa

Mpaka leo sijui nani aliniroga siku ile. Nasema kuroga kwa sababu sina neno lingine. Mtu mzima, mwenye wajukuu, ameamka alfajiri kwa nia moja tu, amekunywa chai akiwa amesimama, amefika kabla ya watu wote, halafu wakati wenyewe unafika na miguu inampeleka kwingine. Kama si uchawi ni nini?

Acha nieleze vizuri. Mimi ni fundi wa nguo, na kazi yangu kubwa ni kupunguza. Mtu ananunua mtumba soko la Gikomba, suruali ya Mzungu mwenye tumbo, anapita kwangu hapo Shauri Moyo, namkata kiuno, nampandisha pindo, anaondoka amekaa sawa. Nimeifanya kazi hiyo kando ya barabara, chini ya mabati mawili, tangu kifungua mimba wangu akiwa mgongoni. Basi wakaja watu wa barabara na kopo la rangi nyekundu, wakachora alama ya X kwenye vibanda vyote vya upande wetu, wakasema tuhame kabla ya mwezi kuisha. Tuende wapi, hawakusema.

Wakati huohuo ile shule yetu ya msingi ya zamani ilikuwa inageuzwa kituo. Ni shule ya mawe, ya enzi ya mkoloni, paa la vigae. Ilikuwa imefungwa miaka kadhaa, watoto wamehamishiwa shule mpya ya ghorofa, na mbuzi wa jirani wakilala Darasa la Kwanza bila kuulizwa. Sasa getini kuna kibao kikubwa: Kituo cha Jamii na Biashara. Mafundi walikuwa wamegawa kila darasa kwa mbao, vyumba vinne vinne, kila kimoja na namba yake na soketi ya stima.

Nilipoingia mara ya kwanza kuangalia, nilisimama katikati ya uwanja nikashindwa kujua nijisikieje. Shule ile sikuipenda, niseme ukweli. Nilichapwa pale mpaka nikazoea. Mbona basi nilipoona wameng'oa ubao wa Darasa la Pili na kuuegemeza nje kwenye mvua nilishikwa na hasira, nikamfokea fundi aliyekuwa anakula mandazi yake kwa amani? Akaniuliza, "Kwani ni wako, mathe?" Nikamwambia ndiyo. Akacheka, na mimi nikaondoka haraka kwa aibu.

Palikuwa na mkutano wa wakazi. Mhandisi, mwanamke mdogo mwenye sauti kubwa, alitueleza kuwa jengo ni la kihistoria na hakuna ukuta utakaoguswa, wala nasi wala na watu wa barabara. Barabara inapanuliwa upande wa pili, ule wenye vibanda vyetu. Mimi mwenyewe niliuliza mara mbili, na mara ya pili akanijibu polepole kama anayesema na kiziwi: "Mama, huku hakubomolewi." Nikaridhika. Pale pale nikachagua chumba changu.

Nilitaka ofisi ya mwalimu mkuu. Mtu yeyote mwenye macho angeitaka. Vyumba vingine vyote vinatazama uwanja au ukuta wa nyuma, lakini ofisi iko mbele, ubavuni mwa geti, ina mlango wake na dirisha linalotazama barabarani. Mtu akitoka Gikomba na mfuko wake mkononi ataiona cherehani yangu kabla hajaniona mimi. Nikipata chumba hicho, naishi. Nikitupwa nyuma, nani atazunguka jengo zima akitafuta wa kumpandishia pindo? Nilijua kabisa: ni hicho au nirudi Ukambani kwa dada yangu nikafuge kuku, na kuku mimi siwawezi.

Siku ya kugawa vyumba ikafika. Karani wa kituo, kijana aliyetoka mtaa mwingine huko, alikuwa na utaratibu wake. Alisema hataki kura, kura zina maneno. Atagonga kengele, na kila mtu asimame mbele ya chumba anachokitaka. Atakayetangulia ndiye mwenyewe, yeye anaandika. Rahisi, eti. Nilikuwa hatua kumi kutoka mlango wa ofisi. Nimevaa raba. Wenzangu nao nawajua, kila mmoja alikuwa anautolea macho mlango uleule huku akijifanya anaongea na simu.

Kengele yenyewe ni kipande cha reli kinachoning'inia palepale kilipokuwa zamani. Karani akakichapa kwa chuma mara tatu.

Haki ya Mungu, sijui kilichotokea. Watu karibu hamsini, wengine vipara, wengine na fimbo za kutembelea, wakageuka kama kundi moja na kukimbia mbali na ofisi. Tulikimbilia madarasani! Nilijikuta nimesimama mbele ya Darasa la Sita, mikono nimeibana mbavuni. Nyuma yangu akaja dereva mmoja mwenye kitambi, tulikuwa darasa moja, akanisukuma begani akasema, "Songa, wewe ni mfupi." Nikasonga! Tulikuwa tumejipanga mstari, wafupi mbele, warefu nyuma, na mtu fulani kule Darasa la Nne alikuwa amenyoosha mkono kupima nafasi.

Ubaya ni kwamba kila mtu alisimama pale alipoachia masomo. Miaka yote nimewaambia majirani kuwa nilimaliza Darasa la Saba. Hao sasa, wananiona nimesimama la Sita mchana kweupe.

Kidogo kidogo tukaanza kucheka. Mzee mmoja alicheka mpaka akakaa chini. Lakini karani hakucheka, alikuwa anaandika. "Mmejipanga vizuri sana," alisema, "asanteni." Wa kwanza Darasa la Sita nilikuwa mimi, kwa ajili ya ufupi wangu, akaniandikia chumba cha kona, kile kinachotazama ukuta wa nyuma. Hapo ndipo akili ziliponirudia. Nikageuka kutazama mbele.

Mlangoni pa ofisi alisimama mwanamke mmoja tu, peke yake, kabeba furushi la nguo za watoto. Nilimjua kwa sura. Ni muuza mitumba wa Gikomba, mtu wa kule Murang'a, umri wa binti yangu mkubwa. Hakusoma shule yetu. Kengele ile kwake ilikuwa chuma tu.

Nilimwendea karani nikamwambia tumekosea, turudie. Akasema, "Mathe, nilieleza vizuri, na kila mtu amesimama mwenyewe." Nikamwambia ni kengele. "Kengele imefanya nini?" Utamwambiaje mtu kwamba hakuna mtoto aliyesimama kwenye mlango ule kwa hiari yake, kwamba ukisimama pale ni kwamba umeitwa? Alinitazama kwa huruma, na huruma yake ikaniudhi kuliko kila kitu.

Siku mbili sikula vizuri. Mabati yangu barabarani yalibakiwa na siku tisa. Siku ya tatu nikafunga kitambaa kichwani, nikaenda kumkabili yule mwanamke. Nilikuwa nimepanga maneno makali: kwamba hii ni shule yetu, kwamba yeye ni mgeni, kwamba aone haya. Njia nzima nayarudia. Nikafika mlangoni, mlango uko wazi, yeye yuko ndani anapanga masweta, na mimi nikabisha hodi nikangoja. Mwenyewe nikajisikia nikisema, "Samahani."

"Karibu mama, ingia. Mbona umesimama? Kaa." Akanisogezea kiti cha plastiki, akaufunga mlango nyuma yangu, akashusha sauti. Mimi nimekaa ukingoni, nasubiri kugombezwa, sijui kwa kosa gani.

"Mungu amekuleta," akasema. "Nilikuwa natafuta mtu mzima wa hapa wa kuniambia ukweli. Hiki chumba kina nini?"

Sikumwelewa. "Kina nini vipi?"

"Haiya! Mama, usinifiche. Nyinyi wenye shule wote mlikimbilia nyuma. Wote! Hakuna hata mmoja aliyekuja huku. Nilibaki hapa nimesimama kama mjinga. Huku mbele kutabomolewa, si ndiyo? Nyinyi mmeambiwa, mimi sikuwa kwenye mkutano. Mimi nimeunguliwa na soko mara mbili, mama. Mara mbili nimeanza upya. Nikibomolewa tena, sitaamka."

Nilimtazama. Macho yake yalikuwa mekundu, nikaona kwamba kumbe naye hajalala. Siku mbili mimi namlaani, yeye huku anahofia kwamba sisi tumemwachia shimo aingie. Jibu nilikuwa nalo mdomoni, lilelile la mhandisi: huku hakubomolewi. Maneno mawili tu. Nafsi yangu ilikuwa inaniambia yaseme, na nafsi hiyohiyo ilikuwa inatazama lile dirisha. Nje watu walikuwa wanapita na mifuko yao ya Gikomba, mmoja baada ya mwingine, wengi ajabu.

Nikasema, "Mimi mambo ya serikali siyajui."

Akaguna. Akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyepata alichokuwa anakiogopa. "Nimekuelewa," akasema. Alielewa nini? Mimi mwenyewe nilikuwa sijielewi. Kisha akanishika mkono, akaniomba tubadilishane. Alijua ni kunibebesha mzigo, alisema, lakini mimi ni mwenyeji, ikitokea jambo nitasikizwa, yeye nani atamsikiza? Nikatazama dari, ili nionekane ninafikiria. Baadaye nikamwambia sawa, nitakusaidia.

Nitakusaidia! Hivyo ndivyo nilivyosema, kwa mdomo huu.

Tulikwenda kwa karani tukatia sahihi. Akatutazama kwa zamu, akauliza kama tuna hakika, na yule mwanamke akajibu haraka kuliko mimi. Jioni hiyo alinisaidia kubeba cherehani. Ni ya chuma, nzito, alishika upande wenye uzito.

Nilifanya kazi katika ofisi ya mwalimu mkuu nikavimba miguu kwa wateja. Sijui nisemeje kuhusu miezi ile. Nilikuwa na furaha, naapa, na bado nilikuwa nashtuka kila mara mtu akibisha. Kuna siku nilijiambia kwamba sikudanganya, kwa sababu kweli, nani anayajua mambo ya serikali? Kuna siku nilijiambia kwamba yeye ndiye aliyeomba, mimi sikumlazimisha. Halafu kuna siku nilikuwa naona mama ana mtoto, anatafuta sweta la mtoto, anachungulia kwangu anauliza, na namwonyesha kule nyuma, "zunguka, pita choo, kata kulia." Wengi walisema asante wakaendelea na barabara. Niliwaona. Dirisha lile linaonyesha kila kitu.

Barabara ikapanuliwa. Upande wa pili, kama tulivyoambiwa. Nilitazama matingatinga yakipita nikajua na yeye anayatazama. Nikangoja aje anitukane. Nilikuwa nimejiandaa, hata ningeshukuru. Hakuja.

Alikuja mwezi uliofuata, furushi limefungwa. Aliweka mezani koti dogo la bluu akaniomba nilipunguze mikono, ni la bintiye, wanahamia nyumbani kwao Murang'a, huko ni baridi. Nikaingiza uzi. Nilikosea tundu la sindano mara tatu.

"Biashara imekataa," akasema. "Si kosa la mtu. Hata barabara yenyewe kumbe ilienda kwingine, ona. Ungejua usingehangaika kubeba hatari yangu." Akacheka kidogo. "Unajua mama, ningekuwa na akili siku ile, ningekuomba tukae humu wote wawili. Mimi nauza, wewe unapunguza. Sijui mbona sikulifikiria."

Mimi nilikuwa nimelifikiria. Nililifikiria siku ya kwanza, nikiwa nimekaa kwenye kiti chake cha plastiki, kabla hata hajamaliza kuongea.

Nikakata uzi, nikalikunja koti, nikakataa malipo. Alilipokea kwa mikono miwili. "Wengine hapa hata salamu hawakunipa," akasema. "Wewe ulinipa chumba chako. Sitakusahau, mama. Mungu akuzidishie."

Nikamwambia, "Karibu tena," kama ninavyomwambia kila mteja.