Uwanja Tulioufagia Bondeni

Watu wa kijijini kwetu mpaka leo wanasema rubani yule alikuwa na roho mbaya. Alituona, akatudharau, akaenda zake. Nimewasikia wakisema hivyo kwenye misiba na kwenye harusi, hata kwenye kikao cha kugawa mbegu, na sijawahi kumsahihisha mtu. Sasa nimezeeka, meno yameniisha, na sioni tena faida ya kumsingizia mtu nisiyemjua.

Ilikuwa miaka ya vijiji vya ujamaa. Sisi wa upande wa Handeni tulikuwa tumeshahamishwa kutoka mashamba ya wazee wetu, tukapangwa kwa mistari kando ya bonde lenye bwawa la kunyweshea mifugo. Masika ya mwaka ule yalikuja na hasira. Daraja likaenda na maji, barabara ikakatika vipande vipande, na bwawa likafurika hadi likameza bonde zima. Kwenda Korogwe ilibaki njia ya miguu tu, siku mbili za kupanda na kushuka porini, njia ya wawindaji na warina asali.

Mke wangu alikuwa na mimba ya miezi saba. Mbili zilikuwa zimetutoka kabla ya hiyo. Safari hii damu ilianza kumtoka, leo kidogo, kesho inakoma, keshokutwa inarudi, na yeye akawa anaficha kanga zake. Mama yake ndiye aliyegundua. Akamwambia mficha uchi hazai, akamshika mkono hadi zahanati. Mkunga alimpima kisha akaniita nje. Alisema anavyoona yeye kondo la nyuma limeziba njia, kwa hiyo mke wangu hawezi kuzaa mwenyewe, lazima apasuliwe hospitali. Na asibebwe kwa machela, kwa sababu akitikiswa siku mbili nzima damu itafunguka na hakuna atakayeizuia. Alale tu, asiinuke, mimi niende Korogwe nikaombe msaada wowote utakaopatikana.

Nilikwenda karibu mbio. Nililala njiani, Masuguru, kwa shangazi wa mke wangu, na asubuhi nikamkuta bwana mganga hospitalini. Alinisikiliza vizuri, Mungu ambariki. Akasema kuna wapimaji wa misitu wamekuja na ndege ndogo. Kazi yao ni huko milimani kusiko na barabara: ndege inawashusha kwenye ziwa au bwawa lililo karibu, wanabeba mizigo mgongoni na kufuata vijia vya porini wiki nzima, kisha inarudi kuwachukua. Alikwenda kuzungumza nao, akarudi mchana anatabasamu. Rubani amekubali, atakuja Ijumaa asubuhi.

"Haina magurudumu," aliniambia. "Chini ina kama mitumbwi miwili. Inatua majini. Bwawa lenu linatosha, toeni magogo tu, na mgonjwa mumweke ukingoni. Umenielewa?"

Nikasema nimeelewa. Na nilielewa, nisijidanganye. Hakuniandikia barua kwa sababu aliniona mtu mzima mwenye akili zake.

Sasa niseme jambo ambalo bila hilo hutanielewa. Miaka miwili nyuma nilikuwa nimekwenda Tanga, nikaona bandarini chuma kirefu kikinyanyua lori zima na kuliweka melini. Niliporudi nikawasimulia wenzangu kwamba lile lori lilibebwa kama paka anavyobeba mwanawe. Lo, walicheka hadi wakakaa chini! Tangu siku hiyo sikuwa na amani. Nikisema mvua itanyesha, mtu anauliza, imebebwa na paka? Nikiomba chumvi, watoto wanalia nyau. Kwetu sisi utani ni mila, huwezi kumkasirikia mtani, unacheka naye huku unaungua ndani. Mimi ni mtu wa hasira, niliungua miaka miwili.

Basi njia nzima ya kurudi nikawa najiuliza nitasemaje. Ndege ya chuma ije ikae juu ya maji? Kadiri nilivyotembea ndivyo maneno ya mganga yalivyozidi kuonekana ya ajabu, hata mimi mwenyewe nikaanza kuyatilia shaka. Ndege nilizoziona uwanjani Tanga zilikuwa na magurudumu. Labda mganga naye alichanganya.

Nilifika Jumanne. Nilianzia nyumbani, nikamweleza mke wangu kila kitu kama nilivyokipokea. Alicheka polepole, mkono tumboni, akasema kumbe ni kama bata. Aliniamini palepale. Yeye hakuwahi kuninyanyasa kwa lile lori, nadhani ndiye peke yake.

Kisha nikaenda kwa mwenyekiti, nikawakuta wazee na mabalozi wa nyumba kumi wamekusanyika. Nikasema ndege itakuja Ijumaa asubuhi, itatua bondeni pale bwawani, na magogo yaondolewe. Hapo nikanyamaza. Wakatazamana. Mzee mmoja akasema lakini bonde limejaa maji. Wote wakanigeukia. Nilikuwa na neno moja tu la kuongeza, na lilikuwa kooni. Mtani wangu mkubwa alikuwa ameketi mlangoni, nikaona mdomo wake umeanza kucheza, ananisubiri. Nikatazama chini.

"Basi tupasue tuta la bwawa," akasema mwenyekiti. "Maji yaende, bonde likauke. Tusishindwe na dimbwi."

Pembe ya msaragambo, ya kuitana kwenye kazi ya pamoja, ikapigwa, na saa ile ile watu wakateremka na majembe. Hakuna aliyelazimishwa. Kijiji kile kililalamika kwa kila kazi ya shamba la pamoja, lakini kwa mke wangu walitoka hadi vikongwe.

Nikarudi ndani. Tuta lilipoachia, mngurumo ulisikika hadi chumbani, na mke wangu akauliza yale maji yanakwenda wapi. Nikamwambia wanatengeneza uwanja. Nikasema mganga atakuwa amekosea, ndege zote zina magurudumu. Alinitazama sana.

"Nenda ukawaambie," alisema. "Nenda sasa hivi, bado hayajaisha."

Nilikwenda, nikasimama juu ya tuta. Maji yalikuwa bado nusu, na vijana wangeweza kuziba kwa mifuko ya mchanga kama mtu angepaza sauti. Mtani wangu akaniona nimeganda pale, akauliza mbele ya wote kama nimekuja kumwita yule paka aje atusaidie kubeba matope. Watu wakacheka. Walicheka kwa upendo, wakitaka kuniondolea mawazo. Nikacheka nao, nikachukua jembe.

Jua liliwaka siku zote zile kama lililoagizwa. Tulifyeka matete, tukang'oa visiki, tukamwaga mchanga wa mtoni na kuukanyaga kwa ngoma. Alhamisi jioni wanawake waliufagia uwanja mzima kwa mafagio ya uani, mistari ikaonekana, kama unavyofagia kwako ukitarajia mgeni wa heshima. Sijaona kazi nzuri kama ile.

Ijumaa asubuhi tulimtoa mke wangu na kitanda chake taratibu, tukamweka kivulini ukingoni. Ndege ikatokea upande wa milima. Ilipoinama juu yetu nikaona kwa macho yangu mitumbwi miwili chini yake, inang'aa, na hakuna gurudumu hata moja. Watu walipiga vigelegele. Ikazunguka, ikashuka chini sana hadi tukamwona rubani akitoa mkono dirishani, akionyesha ardhi, akionyesha ardhi tena. Wakadhani anasalimia, nao wakampungia. Ilizunguka mara ya tatu. Kisha ikapanda na kwenda ilikotoka, na uwanja ukabaki mweupe, safi, hauna alama ila za mafagio.

Mke wangu akaomba arudishwe ndani.

Jioni ile damu ilifunguka. Hapakuwa na chaguo tena, Jumamosi alfajiri tukamweka kwenye machela. Wanaume kumi na sita walipokezana, mtani wangu hakukubali kupokewa hata mara moja, mabega yakachubuka. Tulipovuka mto wa pili mke wangu akaomba tumshushe apumzike. Niliinama nimpe maji. Mdomo wake ulikuwa mkavu, lakini sauti ilitoka vizuri, wala haikuwa na ukali.

"Ungewaacha wacheke," alisema.

Hakusema tena neno. Mtoto alikwenda na mama yake. Tuliwarudisha kwa njia ile ile, na siku ya mazishi mwenyekiti alinishika bega, akasema rubani yule atamjibu Mungu. Mtani wangu alilia kuliko mimi. Tangu siku hiyo hakunitania tena, na hakuna mwingine aliyenitania. Nilipata ile amani niliyoitaka.

Mwaka uliofuata mwenyekiti alisema tusiache uwanja ukaota majani, huenda siku nyingine ndege ikamwonea huruma mgonjwa mwingine. Kila baada ya masika pembe ilipigwa, tukateremka bondeni kufyeka. Miaka tisa tuliufyeka. Mimi nilikuwa wa kwanza kufika na jembe, na watu walinisifu kwa hilo.