Siku Niliyomwangusha Mshenga

Leo naisimulia nikicheka, lakini siku yenyewe ningeona shimo la panya ningeingia na miguu yote miwili, ule mzima na ule mkaidi.

Mnajua kiharusi kilinipitia mwaka jana kikaondoka na nguvu za upande wa kushoto. Hospitalini wakanianzishia mazoezi ya kurudisha mizani ya mwili: kukaa na kusimama kitini, kutembea kisigino mbele ya vidole kama mtu anayepima kiwanja, kusimama kwa mguu mmoja, na kuamka kutoka sakafuni (hili la mwisho nililidharau, nikamwambia dada wa mazoezi kwamba nililifaulu kabla sijaota meno). Mimi niliyepata cheti cha kidato cha nne shule ya jioni nikiwa tayari na mvi, nikayaandika yote daftarini kwa wino wa rangi mbili, na sharti moja nikalipigia mstari: usijaribu bila kitu imara cha kushika na mtu karibu. Mtu wangu ni Mama Zaituni. Hunifunga kitenge kiunoni, akashika ncha kwa nyuma, tukazunguka hivyo uani, na Itigi nzima imeshatuona, pamoja na abiria wa treni.

Sasa washenga wakaja kutoka Manyoni kumposa Zaituni wetu. Watu wa heshima, nyumba yao pombe haisogei hata mlangoni. Asubuhi hiyo Mama Zaituni akaja na kitenge.

"Baba Zaituni, inuka nikufunge."

"Leo? Niwapokee wakwe nimefungwa kama mbuzi wa mnadani?"

"Mbuzi haanguki."

"Mimi nimeshafuzu," nikamwambia, nikamrudishia kitenge chake.

Wakaingia. Mbele yao mshenga mwenyewe, Mzee Mghenyi, mtu wa rika la marehemu baba yangu. Nikasimama vizuri kabisa, mkono mmoja kwenye mgongo wa kiti. Sasa mzee kama yule utampa shikamoo kwa mkono mmoja? Nikavua kofia, nikatoa mikono yote miwili, nikainama. Kiti kikabaki peke yake, na mimi nikabaki na mguu mkaidi.

Ningeanguka mwenyewe yangeisha. Lakini mzee wa watu kwa ustaarabu wake hakuniachia mkono, kwa hiyo tukaenda wote, na njiani tukapitia stuli yenye sinia la chai na ndoo ya asali niliyowaandalia wageni. Nawaambia nyumba ilitikisika mpaka kuku wa jirani wakaacha kutaga.

"Jamani!" akasema shangazi wa bwana harusi. "Mkwe kalewa saa nne asubuhi!"

Nikataka kujitetea, lakini ulimi wangu tangu kiharusi ukiharakishwa unakuwa mzito, na maneno yakatoka kilevi hasa. Shangazi akachukua mkoba wake. Zaituni alikuwa amesimama kwenye pazia la jikoni, machozi yanamlengalenga, na mama yake nyuma yake na kitenge mkononi.

Yale macho ya mwanangu ndiyo yaliyonikumbusha daftari. Nikatulia. Nikageukia ubavu, nikapiga magoti, nikatambaa hadi kwenye kiti, mikono yote juu yake, mguu mzima mbele, hoo, nikasimama. Taratibu nikasema, "Ni kiharusi, shangazi. Sijaonja kitu."

Mzee Mghenyi alikuwa bado chini, asali imemfika ndevuni, na vijana wake wanamvuta mikono kama gunia la alizeti.

"Mwacheni!" nikasema. "Baba, umeumia?"

"Heshima tu."

"Basi geuka ubavu kwanza. Piga goti. Haya, shika kiti, usiwe na haraka."

Akafuata hatua kwa hatua, akasimama, akalamba kidole. Halafu akamgeukia shangazi. "Weka mkoba chini. Mlevi angeniangusha tu. Huyu kaniangusha na kuniinua."

Posa ikapokelewa tukiwa tunanata.

Dada wa mazoezi nimeshamwomba radhi kwa somo lile la sakafuni. Harusi ni baada ya mavuno, na sare ni kitenge cha bluu. Mama Zaituni ameshonesha gauni, kipande kilichobaki ni cha kiunoni kwangu. Nitaingia ukumbini nimefungwa, yeye kashika ncha, na shikamoo nitawapa wazee wote kwa mkono mmoja. Mzee Mghenyi ndiye aliyeniruhusu.