Mikono Chini ya Kanga

Nilisimama mbele ya meza ya nesi, mtoto mgongoni, nikatoa mikono chini ya kanga na kupiga makofi. Mara tatu, taratibu, magoti yamekunjwa kidogo, kama msichana yeyote wa Kiha anavyomsalimia mkubwa wake. "Mwakeye," nikasema. Kisha nikaongeza kwa Kiswahili, asije akadai hajaelewa: "Nimekusalimia. Haya, na mimi nipeleke benchi la nyuma."

Watu hudhani hasira huja na kelele. Yangu ilikuja na ukimya, kama ule wa kuzama ziwani utotoni, ukawa unasikia mambo ya juu kwa mbali: watoto wanalia, mzani unalia nao, nesi anasema, "We mama, umechanganyikiwa?"

Sikuwa nimechanganyikiwa. Nilikuwa nimechoka kuficha mikono.

Ilikuwa miaka ya wakimbizi. Boti zilikuwa zinashusha watu kutoka upande wa Burundi, asubuhi baada ya asubuhi, na katika kumbukumbu yangu zote zimekuwa boti moja tu isiyoisha kushusha. Nakumbuka mwanamke aliyeshuka amekumbatia kinu cha kutwangia, hana kitu kingine. Ghafla na sisi tuliozaliwa hapa tukaanza kuulizwa tumeshuka lini. Lugha yetu na yao ni ndugu wa tumbo moja, salamu zetu zinafanana. Dukani, mtaa wa Mwanga, muuza vitambaa aliniuliza, "Dada, boti yako ilikuwa ya Jumatatu au ya Alhamisi?" Wenzake wakacheka. Na mimi nikacheka. Kicheko kile sijajisamehe hadi leo.

Nesi alikuwa amehamishiwa kwetu kutoka mkoa wa mbali, hata mwaka hajamaliza. Hakuwa mtu wa matusi. Alimbembeleza mtoto kabla ya sindano, akampulizia pale ilipoingia, mradi mtoto awe wa benchi la mbele. Maana barazani pa zahanati alikuwa ameweka mabenchi mawili. La mbele lilikuwa la wenyeji, chini ya paa. La nyuma lilikuwa la wakimbizi, kando ya ukuta, na jua likishafika pale halikuwa na haraka ya kuondoka. Hakuuliza kitambulisho. Aliangalia mikono tu. Mama akimsalimia kwa makofi, kalamu ilinyooka kuelekea nyuma.

Na chanjo ya surua ilikuwa kwenye vichupa ambavyo vikishafunguliwa havilazwi mpaka kesho. Nesi alifungua vya kuwatosha benchi la mbele. Sisi wa nyuma tuligawana kilichosalia. Kisiposalia: "Wiki ijayo, mama."

Mwanangu alikuwa ametimiza miezi tisa, na mtaa wa pili watoto walishaanza kutokwa na vipele.

Mara ya kwanza nilipiga makofi bila kufikiri, nikajikuta nyuma. Wiki iliyofuata nikapiga tena, kwa ubishi, nikarudi nyuma kulekule. Huko nilikaa na mwanamke wa rika langu, aliyekuja na boti. Aliishi Katonga kwa ndugu wa mumewe, akianika dagaa mchangani, bila kibali cha kukaa nje ya kambi. Mtoto wake na wangu walikaribiana umri. Kati ya mapaa mawili tuliona kipande cha ziwa, na kwa moshi wa kiangazi milima ya Kongo ilikuwa inaonekana, inapotea, inaonekana tena, kama kitu unachojaribu kukikumbuka. Tulikula kiazi kimoja, nusu kwa nusu. Alinong'ona, "Kule kwetu pia ningekuwa nachungulia ziwa hilihili." Nilisinzia begani kwake, nikaota tuko kisimani na bibi yangu anatuita sote wawili kwa jina langu.

Wiki ya tatu nikaingia nimefungia mikono chini ya kanga. Nikasema "Shikamoo" kwa sauti ya mtangazaji wa redio. "Marahaba, kaa hapa mbele," akasema nesi. Hivyo tu! Nikakaa. Nilijiona mjanja, Mungu anisamehe. Nyuma yangu yule mwenzangu wa kiazi alinitazama, kisha akainama kumfunga mwanawe kofia.

Ndipo bibi yangu akaja. Alikuwa ametembea polepole tangu Ujiji kuja kuniletea uji, mwavuli mkononi hata bila mvua. Akaanza na benchi la nyuma, kwa kuwa ndilo la kwanza ukitokea njiani. Alimpigia makofi yule mwenzangu, naye akainuka akamjibu kwa makofi, akaulizwa habari za nyumbani, za watoto, za mvua, akaitikia moja baada ya moja, na makofi yao yakawa yanaenda na kurudi kama makasia. Baraza zima lilipoa. Naapa hata watoto walinyamaza.

Kisha bibi akaja kwenye meza, akaweka mwavuli chini, akampigia makofi nesi. Yeye, mwenye mvi kichwa kizima.

Nesi hakuitikia. "Bibi, wenzako wale kule," akasema, kalamu ikanyooka.

Bibi alidhani amepewa kiti kwa heshima ya uzee wake. "Ahsante mwanangu, Mungu akubariki," akasema, akarudi nyuma juani. Mtu mmoja akacheka.

Hapo ndipo nilipoinuka.

"Si umependa mwenyewe? Nenda," alisema nesi nilipomaliza makofi yangu, na kadi ya mwanangu ikaenda chini kabisa ya rundo. Mama mmoja wa mbele alinung'unika, "Kwani makofi ni dhambi?" Lakini alinung'unika kuelekea sakafuni, mikono yake ikiwa imefichwa vizuri. Kufika saa sita chanjo ilikwisha. "Wiki ijayo, mama." Wiki ya tatu hiyo, na safari hii kwa mdomo wangu mwenyewe.

Jioni ile nilichana karatasi za daftari langu la kidato cha nne, nikaandika malalamiko, kurasa mbili nzima. Kwamba mimi si mkimbizi. Kwamba babu yangu amezikwa Ujiji, cheti cha shule ninacho, na kunikalisha na wakimbizi ni kunidhalilisha. Niliona nimeandika vizuri sana. Kesho yake nikaenda Katonga kumwomba mwenzangu awe shahidi.

Alinisikiliza huku anageuza dagaa kwa ufagio. Mchanga wote uling'aa kama magamba, hata sikujua wapi unaishia na wapi ziwa linaanza.

"Soma tena pale pa kudhalilishwa," akasema.

Nikasoma.

"Kwa hiyo wewe benchi lile linakudhalilisha. Mimi ni langu?"

Niliikunja barua. Akaendelea kugeuza dagaa. "Kidole changu siweki, shoga. Kwanza nikiweka watanipeleka kambini. Halafu barua hiyo ukiisoma vizuri, mwandishi wake ni nesi."

Nilitembea kurudi nyumbani kando ya maji, viatu mkononi, mtoto amelala. Nilikuwa na hasira na yule mwenzangu njia nzima. Nilipofika nikachana kurasa zile mbili, nikaandika hii, nikaipeleka kwa miguu yangu, karani wa Mganga Mkuu akaigonga muhuri mbele ya macho yangu:

*Kwa Mganga Mkuu,*

*YAH: MABENCHI MAWILI SIKU YA CHANJO*

*Husika na kichwa cha habari hapo juu.*

*Mimi ni mama wa mtoto wa miezi tisa. Katika zahanati yetu anayesalimia kwa makofi hupelekwa benchi la nyuma, na chanjo ya surua huishia la mbele. Mwanangu ameikosa wiki tatu. Wapo wengine walioikosa na mama zao hawawezi kukuandikia.*

*Siombi kuhamishiwa benchi la mbele. Nimeshakaa huko, nimeficha mikono, na naona aibu.*

*Naomba benchi la nyuma liondolewe. Vichupa vifunguliwe kwa idadi ya watoto wote waliopo barazani, na wachanjwe kwa zamu ya kufika, mama awe ametoka popote. Surua ikishafika benchi la nyuma, la mbele ni hatua nne. Nimezihesabu.*

*Wiki ijayo nitakuja na mwanangu. Nitamsalimia nesi kwa makofi, kwa kuwa ni mkubwa wangu. Naomba aniitikie.*