Walikuwa wakikisia password ya kompyuta yenye sauti ya mama

Wakuu, asalaam aleikum. Haya yamenipata mwenyewe, sitii chumvi.

Mimi ni wa kisiwani, Kizingitini, ila kazi iko Muscat. Mama alifariki nikiwa huku. Sikumzika.

Nilichobaki nacho ni sauti yake. Dada yangu Mwanaisha alikuwa akimrekodi jikoni, na rekodi zote ziko kwenye kompyuta ndogo nyumbani. Niliifungulia SSH, njia ya kuingia kwenye kompyuta ukiwa mbali, ili nikitoka kazini niingie nimsikilize.

(Najua mtauliza backup. Intaneti ya kwetu ni ya kudra, nilikuwa nanakili mojamoja.)

Siku moja Mwanaisha akapiga simu.

"Kakangu, hii mashine yavuma tangu asubuhi. Kwani waifanyisha nini?"

Sikuwa nimeigusa. Nikaingia, nikafungua log, daftari ambamo mashine huandika kila anayejaribu kuingia. Wageni kutoka kila nchi wanajaribu majina na password mfululizo: root, admin, test...

Nikamweleza. Akauliza, "Wamtakia nini mama?"

"Hawamjui. Ni program tu, zabisha kila mlango."

"Basi funga. Lakini nawe usifungike nje."

Hapo ndipo paliponitia hofu. Nikikosea, hakuna wa kuirekebisha kule, na likizo yangu Mungu ndiye ajuaye.

Nikatengeneza key, jozi ya faili za kufungulia badala ya password: ile ya siri nikabaki nayo, ile public nikaiweka kwenye kompyuta ya nyumbani. Session ya kwanza, pale nilipokuwa nimeshaingia, sikuifunga. Nikafungua dirisha la pili nijaribu. Ikakubali. Ndipo nikazima login ya password, na ya root pia, yule mtumiaji mwenye mamlaka yote, nikaweka fail2ban iwazuie wanaorudiarudia. Nikajaribu upya.

Imeingia. Alhamdulillahi.

Wabishaji bado wapo kwenye log, ila password ya kukisia haipo tena.

Nikafungua rekodi ambayo sikuwahi kuisikia. Mama yuko juu ya mbuzi, akuna nazi. Mwanaisha amwambia, "Mama, mpe kaka neno."

Mama akacheka. "Neno gani? Mwambie aye ale, wali wapowa."

Wakuu, kitu usichoweza kukipata tena usikiachie password peke yake. Weka key, ijaribu kabla hujafunga session, na nakili mapema.

Mlio mbali na kwenu, sauti za wazee wenu mwazihifadhi vipi? Nisaidieni mawazo. Mimi ile rekodi sijaweza kuimaliza.