Mabingwa Waliogombea Jina la Mjukuu Wangu

Mke wa mwanangu alikuwa amebeba mtoto wa siku nne, begi la nguo na beseni. Mwanangu alikuwa amebeba karatasi. Hivyo ndivyo walivyoingia kwangu kutoka hospitali ya Kericho, na mimi nikadhani hiyo karatasi ni ya chanjo. Kumbe ni majina. Alikuwa ameandika wanamichezo walio wakubwa kuliko wote tangu dunia iumbwe, kutoka kila mchezo, na akasema atakayewashinda wenzake ndiye atakayempa mtoto jina. Majina hayo siyaandiki hapa. Hao watu wameandikwa vya kutosha.

Mtoto ni msichana. Karatasi ilikuwa na wanaume sita.

Haraka yake ilikuwa ya kliniki. Kadi iliandikwa tu kwamba ni mtoto wa fulani, na nesi alisema wakirudi wiki ya sita waje na jina. Mimi jina nilikuwa nalo tayari, nimelikalia miaka mingi kama kuku kwenye yai moja. Mama yangu alikufa na hakuna mtoto hata mmoja aliyemrudisha kwa jina lake. Nilizaa wavulana watatu, na hao wawili wakubwa wakazaa wavulana watupu. Dada sina. Huyu alikuwa msichana wa kwanza kuingia nyumba hii, na mimi nikiondoka hakuna mwingine atakayekumbuka mama yangu aliitwaje.

Tena kwetu mtoto habandikwi jina kama ndama wa kununua sokoni Chepilat. Wanawake wazee wanakaa naye, wanawaita waliokufa mmoja mmoja, na mtoto akipiga chafya, aliyetajwa wakati huo ndiye amerudi. Tunaita kurenet. Kanisani tunaenda na hili pia tunafanya. Mchungaji anajua, na siku hiyo hapiti karibu.

Mwanangu alisema tutafanya, lakini kwanza bingwa apatikane.

Jumamosi ikanyesha tangu alfajiri, majani ya chai hayakuchumwa, na mwanaume asipokuwa na kazi ya mkono hutafuta kazi ya mdomo. Akamwita rafiki yake awe mwamuzi, mwalimu wa michezo wa shule iliyo hapo chini, kijana ambaye hata Jumamosi anavaa filimbi shingoni, nadhani hata mkewe humwita kwa filimbi. Wakakalia viti vyangu vyenye vitambaa, wakanywa chai yangu, nami nikakaa karibu na mlango nikipukuchua mahindi na kusikiliza upuzi.

Walianza na mtu wa mpira. Mwanangu alisimulia mabao yake mpaka chai ikapoa. Mimi huyo nimemwona kwenye televisheni. Akiguswa na kivuli anaanguka, anashika mguu, analia, watu wanakuja mbio wanampulizia kitu kwenye goti, halafu anaamka na kukimbia kuliko wote. Nikawaambia mwanangu mwenyewe nilimzaa siku ya Jumanne na Alhamisi nikawa kwenye majani na kikapu mgongoni, wala hakuna aliyenipulizia chochote.

Wakahamia kwa mwogeleaji. Mwalimu akasema huyo ana medali ambazo shingo haiwezi kubeba. Nikauliza anaogelea wapi. Akasema kwenye bwawa, kuna mistari chini, kila mtu na njia yake. Maji yenyewe yametulia kama uji uliosahauliwa jikoni, na bado wanampigia makofi. Aje avuke mto wetu mwezi wa nne akiwa na ng'ombe, ndipo tuzungumze.

Wa gofu sikumpa hata dakika. Nilipokuwa msichana nilichuma majani kwenye shamba la kampuni, na wakubwa wa shamba walikuwa wakipiga hako kampira kwenye nyasi jioni. Anayebeba mfuko ndiye aliyekuwa anatoka jasho, na hakuna aliyempa kikombe. Wa kuendesha magari naye anakaa. Ikiwa kukaa ni mchezo, marehemu mume wangu alikufa akishikilia rekodi.

Bondia alinichanganya kidogo, kwa sababu kweli anapigwa. Lakini nikasema hapa kwetu wanaume wawili wakifanya vile, chifu anawafungia wote, na wa kwetu wanapigana bure.

Mke wa mwanangu, ambaye alikuwa kimya akinyonyesha, akauliza kama dunia nzima haina mwanamke anayeruka hata uzi. Yeye ni wa upande wa Nyamira, huongea kidogo na hupiga mahali panapouma. Wakatazamana, wakaongeza haraka yule msichana mdogo anayepinduka hewani mara mbili na kutua kwa miguu. Huyo wakanionyesha kwenye simu. Kuna vitu hata mimi siwezi kuvisema vibaya.

Mwisho wakafika kwa mkimbiaji, wa kwetu, mtu wa huku huku, na hapo ndipo uwongo ulipoanza kweli. Mwalimu akakohoa, akasema kwa unyenyekevu kwamba huyo bingwa yeye alimshinda wakiwa shule ya msingi, miguu mitupu, kwenye matope. Mwanangu akasema hata mjomba wake alimshinda. Mimi nimeishi huku maisha yangu yote na bado sijakutana na mwanaume wa rika lile ambaye hakumshinda. Ukiwapanga wote kutoka hapa mpaka Bomet, huyo mtu shuleni alikuwa anafika wa mia mbili, giza limeingia, mama yake ameanza kumtafuta.

Wakabishana mpaka mvua ikakatika. Wa bwawa na wa ngumi, unawapimaje? Kituo cha majani kina mizani moja. Ukileta majani ya shamba la juu au la chini, yananing'inizwa kwenye ndoano ile ile, hata kama karani ni mwizi. Hawa wawili hawakuwa na ndoano. Kila mmoja alishika aliyempenda akiwa mtoto, kisha akamtafutia sababu.

Siku iliyofuata wifi yangu akafika kutoka Kipkelion. Ni dada ya marehemu mume wangu, na kwa kuwa mtoto ni wa ukoo wao, yeye ndiye mwenye haki ya kuita majina. Alikuja na shuka lake na kopo lake la ugoro, na kabla hajaketi nilijua amekuja na nani moyoni. Alimtaka mama yake. Yaani mama mkwe wangu.

Nitasema ukweli kuhusu mama mkwe wangu. Akikuta jani moja kwenye mtungi, alimwaga maji yote na kunirudisha mtoni. Miaka kumi na minane niliyokaa naye sikusikia asante. Nilipomzika nililia kama inavyotakiwa, nikaenda nyumbani nikalala vizuri.

Mwanangu aliposikia wanawake wawili wazee wanavutana kuhusu wafu wao, alifurahi. Akasema kama wafu wanataka kushindana na mabingwa wa dunia, basi wapite kwa mwamuzi kama wengine. Mwalimu akachukua kalamu. Masharti yalikuwa matatu: amefanya nini, amekifanya kwa muda gani, na nani aliona.

Nilianza mimi. Nikasema mama yangu alitembea usiku na mchana kumpeleka kaka yangu hospitali, homa imemshika, mto umefurika, amemfunga mgongoni na kushika mkia wa ng'ombe wa jirani mpaka ng'ambo. Kaka akapona. Mama akarudi kwa miguu, na kesho yake akalima.

Mwalimu akaandika, kisha akauliza nani aliona.

Nikasema aliyeona ni yule mtoto mgongoni.

"Yuko wapi, Mama, tumuulize?"

"Amekufa."

Akaikuna filimbi yake. Hakuwa kijana mbaya. Akasema kwa sauti ya chini kwamba rekodi bila shahidi haihesabiwi. Hapo sikucheka, na hakuna aliyecheka.

Wifi akasimama, akarekebisha shuka. Akasema mama yake alikuwa anarusha mwiko wa ugali kutoka mlango wa jikoni mpaka boma la ndama, na hakukosa. Alirusha mpaka uzee. Mwalimu akauliza shahidi. Wifi alinielekezea kidevu.

Wote wakanigeukia. Pale ningesema sikumbuki. Mtu wa umri wangu ana ruhusa ya kutokumbuka. Lakini mgongo wangu unakumbuka, na nilikuwa nimeshawacheka wanaume kwa uwongo wao jana yake tu. Nilikuwa nimeolewa mwezi mmoja, nimemwacha ndama akanyonya maziwa yote ya asubuhi.

"Ni kweli," nikasema. "Na nilikuwa nakimbia."

Mwalimu aliinua kichwa. "Shabaha inayokimbia?"

"Nikikata kona."

Mwanangu akalala kwenye kiti kwa kicheko. Mwalimu akaandika mistari mitatu, akasema hata mrusha mkuki wa dunia analenga nyasi ambazo hazisogei. Wifi akanusa ugoro wake kwa amani kubwa. Ndivyo nilivyompandisha mama mkwe wangu jukwaani kwa mdomo wangu mwenyewe.

Lakini chafya ilikuwa bado, na chafya haijui mwalimu. Asubuhi ya kurenet tulikaa wanawake ndani, wanaume wakakaa nje chini ya dirisha wakijifanya wanachonga mpini. Zamani mtoto alionjeshwa ugoro kidogo puani ili asichelewe. Mke wa mwanangu alisema nesi amekataza, na ugoro hautagusa pua ya mtoto wake. Tukakubali. Mtoto akapewa mimi nimshike.

Wifi akaanza kuita. Aliwaita watu wa kwao polepole, kila mmoja kama anamkaribisha chakula. Mtoto akapiga miayo. Alipofika kwa mama yangu akampitia haraka, kama mtu anayekwepa dimbwi. Na mimi nilikuwa nimejitayarisha. Nilikuwa nimeficha ugoro kidogo chini ya ukucha wa kidole gumba, punje ambazo hata siafu hawezi kuhisi. Nikapangusa shavu la mtoto, karibu na pua. Akapiga chafya mbili.

Nilipiga vigelegele mpaka kuku wakatoka uani. Mke wa mwanangu hakupiga. Alinishika mkono kwa heshima, akainua kidole gumba mpaka puani kwake, akanusa, na yeye mwenyewe akapiga chafya.

Halafu sauti ya mwalimu ikatoka dirishani: "Ametumia dawa."

Mwanangu akaongeza kwamba matokeo yamefutwa na mimi nimefungiwa miaka minne. Wamesikia mengi kuhusu dawa za kuongeza nguvu, hawa vijana. Huku kila mtu anamjua mkimbiaji aliyefungiwa, na kila aliyefungiwa anasema ilikuwa dawa ya mafua. Mimi sikusema ni mafua. Nilisema mama yangu hana shahidi wala mtoto wa jina lake, na wao wanaotoa majina ya watu ambao hata hawajui Kericho iko upande gani wasinihukumu. Mke wa mwanangu akachukua mtoto wake, akanionyesha kiti kilicho mbali.

Wakarudia bila mimi. Wifi akainama karibu na mtoto, shuka lake likining'inia pale usoni, shuka ambalo limekula ugoro tangu kabla ya mume wangu kuota ndevu. Ukilikung'uta sokoni, soko linafungwa. Akamwita mama yake. Mtoto akakunja uso, akajikusanya mwili mzima, akapiga chafya moja kubwa ya mtu mzima.

Nikakata rufaa papo hapo. Nikasema shuka lipimwe. Mwalimu akajibu kutoka dirishani kwamba aliyekamatwa ni mimi. Nimelifikiria jibu hilo mara nyingi, na naona ndivyo dunia yote ya medali inavyoendeshwa.

Mwanangu alikunja karatasi yake akaiweka mfukoni. Mabingwa wote wale na mapesa yao hawakutoa hata chafya.

Wiki ya sita ilipofika, mke wa mwanangu alikuwa anaumwa kichwa, basi mimi ndiye niliyempeleka mtoto kliniki. Nesi akafungua kadi, akauliza jina. Hakukuwa na mtu wa kwetu pale. Wifi alikuwa amerudi Kipkelion, mwanangu alikuwa kwenye majani. Ningeweza kumtaja mama yangu, na wino ukikauka nani angeufuta? Nilifungua mdomo nikiwa nimeshaamua.

Nikamtazama mtoto. Alikuwa ananikazia macho, hapepesi, kama mtu anayekagua maji kwenye mtungi. Huwezi kumdanganya mtu akiwa amekuangalia hivyo, hata akiwa hana meno.

Nikataja jina la mama mkwe wangu. Lilitoka kwa shida, maana sisi tulioolewa zamani hatukuruhusiwa kulitamka, na katika miaka yote ile ulimi wangu haukuwahi kulionja. Nesi hakusikia. Nikalirudia kwa nguvu. Akauliza linaandikwaje, nikamwambia shule sikuendelea nayo, akalirudia yeye, akalikosea, nami nikalisema mara ya tatu mpaka akina mama wote kwenye benchi wakageuka.

Na mama yangu nilimtaja njiani tukirudi, kwa sauti, mara nyingi, nikimwambia mtoto habari za mto na mkia wa ng'ombe. Atakuwa shahidi wa kusikia. Mwalimu atajua mwenyewe kama anahesabu.

Karibu na nyumbani akaanza kulia kwa hasira, bila sababu, kama mwenye jina lake zamani. Nikasimama katikati ya njia. Hakukuwa na mume wa kuniangalia vibaya wala wifi wa kupeleka maneno. Nikamwita kwa jina lake lote, nikamwambia anyamaze.

Akanyamaza.