Siku Niliyoshiba Ujiji

Mwanangu, tangu asubuhi unaingia na kutoka, simu mkononi, unapanga siku yako moja ya Ujiji: saa tatu hapa, saa nne pale, chakula cha mchana mahali ulipopaona kwenye picha. Boti yako ni kesho. Hebu kaa kidogo, nami niache cherehani, maana ukinionyesha hiyo orodha naikumbuka siku yangu mwenyewe.

Nilikuwa na miaka ishirini na moja, najifunza ushonaji hapahapa Baraka, ng'ambo hii ya ziwa, na miguu yangu haikujua kutulia. Jirani mmoja alikuwa akipeleka mawese Kigoma kwa boti yake, akakubali kunichukua. Tungefika asubuhi na kuondoka kabla jua halijazama. Kutoka Kigoma hadi Ujiji si mbali. Mji wa zamani, wa misafara na milango ya kuchongwa, niliousikia tangu utoto! Wiki nzima sikulala vizuri.

Lakini safari ile haikuwa yangu peke yangu. Nyanya Mwamini, mama wa baba yangu, aliyenilea, alikuwa na dada yake mkubwa, yaya kama tunavyoita kwetu, Nyanya Faida, aliyeolewa Ujiji. Walikuwa hawajasemezana miaka tisa. Mama yao alipofariki hapa Baraka, ziwa lilichafuka, Faida akafika maiti imeshazikwa. Akaingia jikoni akiwa bado na vumbi la safari, akawapikia watu wa matanga kwa mikono yake. Nyanya Mwamini, kwa hasira, akaisukuma sahani ya dada yake mbele ya wote, akasema ameshiba.

Katika ukoo wetu ugomvi wa namna hiyo haumalizwi kwa maneno. Aliyekataa chakula anakwenda kula. Kama hawezi, anamtuma mtoto wa nyumba, na mtoto akila, ni yeye amekula. Nyanya alikuwa amevimba magoti, ziwa hakuliweza tena. Alituma habari kwa wafanyabiashara kwamba atanituma mimi, na jibu la dada yake likarudi: aje, nitapika.

Siku ya kuondoka alinishika mkono.

"Ukishuka tu, ufike kwa yaya Faida. Usipitie fasi ingine mbele. Kinywa yako njo kinywa yangu, unasikia?"

"Nasikia, nyanya."

Nilisikia, ndiyo: kwake kwanza, mahali pengine baadaye. Ila niliposhuka Kigoma nilijiambia: nianzeje siku yangu moja kwa kukaa mkekani na mwanamke mzee? Nitakwenda mchana. Palepale bandarini nikala chipsi mayai, ambazo sikuwahi kuzila maishani, nikaongeza sahani ya pili. Nikakimbilia stesheni ya treni, nikaizunguka. Nikapata gari hadi Ujiji. Kwenye lile jiwe la kumbukumbu mlinzi akaanza kunieleza habari za wazungu wawili waliokutana pale, nikamkatiza katikati, nishaona, asante. Nikaifuata barabara ya misafara, nikagusa milango, nikala pilau, nikala mishkaki, nikanywa juisi ya miwa. Kila nilipofika, macho yalikuwa yameshatangulia kwingine. Mpumbavu gani anakimbia namna hiyo? Mimi.

Nilipofika kwa Nyanya Faida alasiri ilishapita. Alikuwa ameketi mlangoni, amevaa kitenge kipya, na mkeka umetandikwa. Alikuwa amepika kama tunavyopika kwetu: bukari, yaani ugali wa muhogo, samaki mgebuka katika mawese, na sombe ya majani ya muhogo. Alikuwa amepasha moto mara ngapi sijui. Akaleta maji aninawishe.

Mwanangu, harufu ya mawese ilinipanda, nikahisi kutapika.

"Nyanya, niko nimeshiba. Na boti inaniacha."

Mkono wenye birika ukabaki hewani. "Hata tonge moja?"

"Nifungie, nitakula njiani."

"Hiki hakifungwi," alisema taratibu, akakifunika.

Nikaaga, nikakimbia. Ndani ya boti nilihesabu mahali nilipopaona, nikajipongeza.

Nyanya Mwamini alikuwa ananingoja ufukweni, ameegemea fimbo. Nilianza kumsimulia stesheni, milango, jiwe. Akaniacha nimalize.

"Yaya alipika nini?"

"Bukari na mugebuka."

"Ulikula?"

"Nilikuwa nimeshiba, nyanya."

Hakunigombeza. "Basi nimemukatalia mara mbili," alisema, akageuka kwenda nyumbani.

Siku mbili hakutia kitu kinywani. Na mimi, ambaye sikuwahi kutulia kwa furaha, sasa sikutulia kwa aibu. Nilimshonea mteja suruali mguu wa kushoto mahali pa kulia. Kila asubuhi nilikwenda ufukweni kuuliza boti. Upepo ulikuwa mbaya, wafanyabiashara walikuwa wanasitasita, na wiki tatu zilipita huku nikijitafuna rohoni.

Hatimaye nikavuka. Tangu jioni iliyotangulia sikula kitu. Kutoka bandarini nilikwenda moja kwa moja mlangoni kwake.

Nyanya Faida aliniangalia. "Nilipika siku ile," alisema. "Leo sijapika." Akaingia ndani.

Nikakaa kizingitini. Nyuma yangu watu walikuwa wanapita, wauzaji wanaita, adhana ikaadhiniwa, na mji mzima nilioutamani ulikuwa hatua chache tu. Nilitaka kunyoosha miguu kidogo tu, nirudi. Sikuinuka. Niliogopa kwamba nikiinuka tu, atafungua mlango asinikute.

Jua lilipoanza kushuka akatoka na bakuli. Bukari ya jana, baridi, imekauka pembeni, na dagaa wachache. Aliliweka mbele yangu, akaninawisha, akakaa. Alitazama kila tonge. Nilikula mpaka nikafuta bakuli kwa kidole.

Ndipo akauliza, "Magoti ya Mwamini yangali yanamsumbua?"

Nililia, mwanangu, mtu mzima.

"Yanamsumbua, nyanya."

"Mwambie nakuja kumkanda."

Akaja. Walikula sinia moja hapo ulipokaa wewe. Mwaka uliofuata Nyanya Mwamini alipofariki, dada yake ndiye aliyemwosha. Na mimi bado hunijia usiku mawazo: kama boti ingechelewa mwaka mzima?

Basi nakuambia wazi. Nenda, tembea, piga picha zako, kula vitamu. Sikukatazi, mji ni mzuri. Lakini ukitumwa kwenye mlango fulani, huo uwe wa kwanza, na ufike hapo na njaa. Jiwe na stesheni vitakuwa palepale, wala havitachukia ukichelewa. Mtu anachukia, na anazeeka. Binti yake Nyanya Faida anaishi nyumba ileile, nimeshamtumia habari kwamba unakwenda. Ameshaagiza mgebuka.

Mungu akuvushe salama, upepo uwe mpole kwenda na kurudi, na mikono itakayokunawisha huko ikuombee mema. Ukirudi, mwanangu, nitakuwa ufukweni. Sitakuuliza umeona nini. Nitakuuliza umekula nini.